Asali ya Migori na Homa Bay: Hadaa huanzia mzingani kabla ya kufika chupani

MNUNUZI wa asali katika masoko ya Rongo, Awendo, Mbita au Kendu Bay hana silaha nyingine ila imani. Chupa anayokabidhiwa aghalabu ndiyo ile iliyokuwa na maji ya kunywa au soda. Haina kibandiko, haina tarehe, wala haina jina la aliyeirina asali. Rangi nayo haimwambii lolote, kwani asali ya maua ya migunga hailingani na ile ya maua ya mashambani, na zote mbili zaweza kuwa halisi. Linalobaki ni kumtazama muuzaji usoni na kukisia kama ni mtu wa kweli.

Biashara inayoegemea uso wa muuzaji ni biashara dhaifu. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako ufugaji nyuki umehimizwa kama njia mojawapo ya kumpa mkulima kipato nje ya tumbaku, miwa na samaki, malalamiko ni yale yale yanayosikika popote asali inapouzwa: imetiwa sukari, imetiwa maji, imevunwa mbichi, imepimwa kwa hila. Lawama humwangukia kwanza mfugaji mdogo mwenye mizinga mitano au kumi, kwa sababu ndiye anayeonekana.

Baadhi ya wafugaji hao wanastahili lawama hizo na hakuna haja ya kuwapamba. Hata hivyo, anayefuatilia safari ya asali kutoka chupani kurudi nyuma hadi mzingani atagundua jambo linalosahaulika. Mfugaji anayemhadaa mteja kwa kikombe mara nyingi naye amehadaiwa kwa debe, na hata kabla ya debe alikwisha kuhadaiwa kwa mzinga wenyewe.

Tuanze na chupa, maana ndiko kelele ziliko.

Kila soko lina majaribio yake ya kutambua asali halisi. Wapo wanaochovya kijiti cha kiberiti katika asali kisha wakakiwasha; kikishika moto, asali ni safi. Wapo wanaodondosha tone katika glasi ya maji na kutazama kama litazama bila kuyeyuka. Wengine huimimina juu ya karatasi, na wengine hushikilia kwamba siafu na sisimizi hawagusi asali ya kweli. Hilo la mwisho lingewachekesha wafugaji wenyewe, ambao hulazimika kupaka mafuta machafu ya gari kwenye nguzo na nyaya zinazoshikilia mizinga, ili siafu wasipande kuvamia asali na majana ya nyuki. Majaribio mengine hayana nafuu kubwa. Shira ya sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito huzama katika glasi vizuri tu. Majaribio haya hupima uzito wa kimiminika, wala hayawezi kusema kama kilitoka kwa nyuki au sufuriani.

Ubaya wake hauishii kwa kumwachilia mwongo, kwa kuwa pia humwadhibu mkweli. Asali halisi huganda. Ikikaa kwa majuma au miezi kadhaa, hasa mahali penye baridi, glukosi iliyomo hujitenga na kufanya chembechembe nyeupe chini ya chupa. Mteja akiziona hutikisa kichwa na kusema, “Hii ni sukari.” Muuzaji aliyeleta asali safi hurudi nayo nyumbani. Siku ya pili huiinjika motoni ili iwe laini na ing’are, na kwa kufanya hivyo huiharibu kweli kweli: harufu hupotea, vimeng’enya hufa, na kemikali inayofahamika kwa ufupisho wa HMF huongezeka. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kinachosimamiwa na mashirika ya FAO na WHO, huruhusu miligramu 40 za kemikali hiyo kwa kila kilo ya asali, na 80 kwa asali itokayo nchi za joto. Anayechemsha asali katika sufuria juu ya kuni hana namna ya kujua amevuka mpaka huo lini. Soko limemfundisha kwamba asali iliyoharibiwa ndiyo inayonunuliwa.

Kuhusu sukari, mazingira ya eneo hili yana kishawishi chake. Awendo, Rongo, Uriri na Ndhiwa ni nchi ya miwa, na mahali penye miwa hapakosi mitambo midogo ya kutengeneza sukari guru. Sukari guru ikiyeyushwa hutoa shira ya rangi ya kahawia, yenye harufu nzito, isiyo mbali na rangi ya asali iliyokolea. Nyuki wenyewe hawahitaji kushawishiwa. Hukusanyika kwa wingi kwenye mabaki ya miwa na mapipa ya maji yake, wakanywa na kuyabeba hadi mzingani. Hivyo basi hata mfugaji asiye na hila, mizinga yake ikiwa karibu na mtambo, aweza kuvuna kitu ambacho si maji ya maua. Kinachovuka mpaka wa uadilifu ni kuwawekea nyuki beseni la sukari msimu wa mavuno. Kuwalisha wakati wa ukame ili kundi lisife njaa ni utunzaji unaokubalika duniani kote. Kuwalisha ili wageuze sukari kuwa kitu cha kuuzwa kwa jina la asali ni udanganyifu, ijapokuwa kazi imefanywa na nyuki.

Isidhaniwe kwamba hii ni tabia ya maskini wa Nyanza peke yao. Mnamo 2023, Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya uchunguzi wa asali iliyoingizwa katika nchi za umoja huo kati ya 2021 na 2022. Katika shehena 320 zilizochunguzwa, 147 zilishukiwa kuwa zimechanganywa na shira za sukari. Hiyo ni karibu nusu, na wahusika hawakuwa wachuuzi wa kandokando ya barabara ila makampuni yenye meli, wahasibu na mawakili. Tofauti ni kwamba wakubwa hutumia shira za mchele, ngano na viazisukari, ambazo ni vigumu kuzitambua. Mchuuzi wa Awendo akitia sukari ya miwa huacha alama: muwa huhifadhi kaboni kwa njia isiyofanana na mimea mingi inayotembelewa na nyuki, na mashine ya maabara hulitambua hilo bila shida kubwa. Kwa bahati mbaya mashine ya namna hiyo haiwekwi sokoni, na hakuna atakayeisafirisha chupa moja hadi maabara kuu kwa ajili ya mabishano ya shilingi mia chache.

Maji ni hila iliyo rahisi kuliko sukari, na huenda ndiyo iliyoenea zaidi kwa kuwa haihitaji kununua chochote. Nyuki hupunguza maji katika asali kwa kuyapepea na mabawa yao, na inapofikia ukavu unaofaa huifunika kwa nta. Sega lililofunikwa sehemu kubwa ndilo lililoiva. Codex husema asali isizidi asilimia 20 ya maji. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina kiwango chake, EAS 36. Sasa, chukua kilo 100 za asali iliyoiva yenye maji asilimia 18. Ukiifikisha asilimia 25, iwe kwa kuongeza maji au kwa kuvuna mapema kabla nyuki hawajamaliza kazi, unapata kilo 109. Kilo tisa za bure, na kwa macho hakuna anayeona. Hasara huja baadaye: asali yenye maji mengi huchachuka, ikatoa povu na harufu ya pombe, wakati muuzaji amekwisha kuondoka. Anayevuna mapema si lazima awe mwizi. Huenda karo ya shule imefika, au anachelea kwamba akisubiri majuma mawili zaidi atakuta mizinga imevunjwa na wezi usiku. Lakini mnunuzi anayekuta asali yake imeumuka hana haja ya sababu hizo. Yeye hununua sukari dukani na kuapa kutorudia.

Tukitoka kwa mchuuzi na kumfikia mnunuzi wa jumla, hadaa hubadilisha mwelekeo. Sasa anayedanganywa ni mfugaji.

Kipimo kilichozoeleka mashambani ni debe au mtungi wa plastiki wa lita 20. Dalali hufika na mitungi yake, na bei hutajwa kwa kilo. Mtungi ukijaa huhesabiwa kuwa kilo 20, kwa sababu lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20 na watu wamezoea hivyo tangu shuleni. Asali si maji. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa takriban kilo moja na gramu 400. Mtungi huo wa lita 20 umebeba kilo 28. Kilo nane zimeondoka bila malipo, na hakuna aliyeiba, hakuna aliyechezea mizani, kwa kuwa mizani haikuwapo. Dalali yuyo huyo akifika mjini huuza kwa mizani.

Mfugaji anapokuja kung’amua hesabu hiyo, naye huigeuza kwa mteja wa rejareja. Chupa ya nusu lita, ambayo ingepaswa kuwa na gramu 700, huitwa “kilo”. Hapo ndipo mtu anaweza kuona kwa macho jinsi ukosefu wa uadilifu unavyoshuka daraja kwa daraja kama maji ya mvua kwenye paa la mabati. Mfugaji hajioni kuwa mwizi. Anajiona kuwa anafidia kile alichopokonywa.

Katika masega pia kuna mchezo. Anayeuza asali ikiwa ndani ya masega huweza kuchanganya yale ya asali na yale yenye majana au chavua, yote yakapimwa pamoja. Wako pia warinaji wanaotumia mwenge badala ya bomba la moshi na kuliteketeza kundi zima ili wamalize kazi haraka. Asali yao hunuka moshi, na nyuki waliokufa hawatarudi msimu ujao. Hilo ni kosa dhidi ya jirani kabla ya kuwa kosa dhidi ya mteja, maana makundi ya nyuki hayana mipaka ya shamba.

Mizinga mitupu

Yote yaliyotajwa hadi hapa ni makosa madogo yakilinganishwa na biashara ya mizinga yenyewe. Hapa ndipo fedha nyingi zilipo, na ndipo wachunguzi wa ubora wa asali wasipotazama kamwe.

Ili kuielewa biashara hiyo ni lazima kukumbuka mkulima wa Migori ametoka wapi. Kwa miongo mingi, katika Kuria, Uriri na sehemu za Suna, kampuni za tumbaku zilimpa mkulima mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kisha zikakata deni lao siku ya mauzo. Kiwango cha jani kilipangwa na mnunuzi, na mkulima aliporudi nyumbani mara nyingi alibaki na karatasi yenye tarakimu nyingi na pesa kidogo. Majirani zake wa miwa walijua adha nyingine, ya kupeleka mazao kiwandani na kusubiri malipo kwa miezi. Watu waliokwisha kupitia hayo huvutiwa upesi na anayewaambia: nunueni mizinga, nyuki watafanya kazi bila mshahara, nasi tutanunua asali yote.

Neno “yote” ndilo lenye sumu. Ahadi ya kununua asali yote haimgharimu mwenye kuahidi hata senti iwapo asali yenyewe haitapatikana.

Tutumie mfano wa kubuni, kwa hesabu rahisi. Kikundi cha watu 20 kinanunua mizinga 40 kwa Sh7,000 kila mmoja. Siku ya kukabidhiwa, muuzaji amepata Sh280,000. Tuseme nusu ya mizinga inapata nyuki katika mwaka wa kwanza, na kila mmoja unatoa kilo 10, zinazonunuliwa kwa Sh400 kwa kilo. Kikundi kitapata Sh80,000 kwa mwaka. Itawachukua miaka mitatu na nusu kurejesha gharama ya mbao tu, pasipo kuhesabu riba, ulinzi, usafiri na mavazi ya kujikinga. Muuzaji kwa upande wake amekwisha kwenda kijiji kingine. Faida yake ilitoka kwenye mizinga, wala si kwenye asali. Kwa hivyo hana sababu ya kujali kama nyuki wameingia.

Na nyuki hawalazimishwi kuingia. Nyuki wa Afrika ni mtu wa safari, kama inavyofaa kusemwa. Huhama maua yanapokauka, huhama akisumbuliwa na siafu, joto au binadamu, na huchagua mwenyewe pa kukaa. Mfugaji hupaka nta mzingani, akautundika mahali penye kivuli na maua, akasubiri. Katika bonde la Lambwe, pembezoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba na korongo wake adimu, vichaka vya migunga vipo na subira hiyo ina matumaini. Katikati ya shamba la miwa lisilo na mti wala ua, mzinga ule ule waweza kukaa miaka mitatu ukiwa nyumba ya mijusi. Muuzaji mwadilifu angekagua eneo kwanza na pengine akamwambia mteja asinunue. Ni nadra kumsikia muuzaji wa namna hiyo.

Aina ya mzinga pia ina siri yake. Mzinga wa Langstroth, uliobuniwa Marekani na kupewa hataza mnamo 1852, ni chombo kizuri kwa nyuki wapole wa Ulaya na kwa mfugaji mwenye mtaji. Unahitaji karatasi za nta za kuanzishia masega na mashine ya kukamulia asali kwa kuzungusha. Mkulima hununua mzinga lakini mashine hana. Mashine anayo yule aliyemwuzia. Tangu siku hiyo asali yake haina mnunuzi mwingine, na bei hutajwa na upande mmoja. Kenya yenyewe, kwa msaada wa Kanada, ilikuza mwanzoni mwa miaka ya 1970 mzinga wa vijiti vya juu ambao fundi wa kijijini anaweza kuuchonga na ambao hauhitaji mashine: sega hukatwa, hukamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa. Unatoa nta zaidi na unamwachia mfugaji uhuru wa kuuza atakako. Wauzaji hawausifu sana, na sababu si ngumu kuikisia.

Wakazi wa Nyanza wameiona filamu hii hapo awali. Mnamo 2013, wazimu wa kware, wanaoitwa aluru kwa Kijaluo, ulienea nchini kwa kasi, na watu wakapiga foleni katika ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kutafuta leseni. Mayai yalisifiwa kutibu kila ugonjwa. Waliofaidika ni wale walioanza mapema, ambao walikuwa wakiuza vifaranga na mayai ya kuangulia kwa wafugaji wapya badala ya kuuza chakula kwa walaji. Kufikia mwanzoni mwa 2014 kila aliyetaka kware alikuwa naye, na bei ikaporomoka. Kabla ya hapo, katika miaka ya 2006 na 2007, Wakenya walipoteza mabilioni ya shilingi katika mipango ya upatu kama DECI, ambapo faida ya mwanachama wa kwanza ilikuwa mtaji wa mwanachama wa mwisho. Asali ina sifa moja iliyo bora kuliko hiyo yote: walaji wake wapo na hawatoshelezwi. Ndiyo maana inasikitisha zaidi kuona bidhaa yenye soko la kweli ikiuzwa kwa mbinu za bidhaa isiyo na soko.

Wanasiasa na miradi ya wafadhili hawajasaidia. Mizinga ni zawadi inayopendeza kwenye picha. Hupangwa kwa safu uwanjani ikiwa imepakwa rangi ya manjano, mheshimiwa akahutubia, na ripoti ikaandikwa kwamba idadi fulani ya mizinga imegawiwa kwa vijana na akina mama. Mradi huhesabu mizinga iliyotolewa. Mara chache humrudia mwanakikundi baada ya miaka miwili kumwuliza amerina kilo ngapi. Mkandarasi aliyeunda mizinga kwa mbao mbichi zinazopinda jua likiwaka hulipwa sawa na yule aliyetumia mbao zilizokauka. Kisha ndani ya kikundi, mwenyekiti au katibu aliyeshika ufunguo wa ghala ndiye anayejua ni mitungi mingapi ilitoka. Hilo nalo ni biashara isiyo na maadili, japo hakuna anayeliita hivyo.

Nani ashike mizani?

Sheria hazikosekani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, ipo Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na ipo Sheria ya Viwango, Sura ya 496, inayolipa nguvu Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Mnunuzi wa asali yenye alama ya ubora anaweza hata kuituma namba iliyo chini ya alama hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 na kuambiwa kama kibali ni halali. Ni huduma nzuri kwa anayenunua katika duka kubwa. Kwa chupa ya soda isiyo na kibandiko, hakuna namba ya kutuma.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi kaunti kazi ya kilimo na mifugo pamoja na kusimamia biashara, ikiwemo haki katika uuzaji na ununuzi na vyama vya ushirika. Tangu 2013, basi, swali la mtungi wa kilo 28 unaolipwa kama kilo 20 si la Nairobi. Ni la Migori mjini na Homa Bay mjini. Magavana hawawezi kugawa mizinga kwa mkono mmoja na kusema kwa mdomo kwamba mizani si kazi yao.

Serikali kuu ilipojaribu kuingilia, ilishika mahali pasipofaa. Rasimu ya Mswada wa Mifugo ya 2021 ilitaka wafugaji nyuki wasajiliwe, na ilipokelewa kwa ghadhabu na kejeli kote nchini. Kejeli zilistahili kwa kiasi. Kumsajili bibi mwenye mizinga minne chini ya mwembe hakumzuii dalali kuja na mtungi wake, wala hakumgusi muuzaji wa mizinga anayeahidi kununua “yote”. Kama kuna wa kusajiliwa kwanza, ni huyo wa pili: anayechukua fedha za vikundi kwa ahadi ya soko la baadaye angetakiwa kuweka mkataba kwa Kiswahili au Kijaluo au Kikuria, utaje bei ya chini, utaje nani atabeba hasara mzinga usipopata nyuki, na nakala iachwe kwa afisa wa ushirika wa kaunti.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo si ndoto. Kampuni ya Honey Care Africa, iliyoanzishwa Nairobi mnamo 2000, ilijijengea jina si kwa mizinga ya Langstroth tu, bali kwa desturi ya kupima asali mbele ya mfugaji na kumlipa papo hapo kwa bei iliyotajwa mapema. Mzinga ulikopeshwa na deni likakatwa kidogo kidogo kutoka kwa mauzo, hivyo aliyekopesha naye alihitaji asali ipatikane ili alipwe. Mpango huo ulikuwa na matatizo yake, na mizinga mitupu ilikuwapo hapa na pale. Lakini pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kumwombea nyuki maisha marefu.

Mfano mwingine upo Migori kwenyewe na hauhusu nyuki. Mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku, unaoendeshwa na serikali pamoja na mashirika ya WHO, FAO na WFP, uliwapa wakulima maharagwe yenye madini mengi ya chuma, nalo WFP likanunua sehemu ya mavuno. Kufikia 2023, wakulima zaidi ya 2,000 walikuwa wameingia humo. Maharagwe hayana utamu wa asali wala bei yake. Yana vitu viwili ambavyo asali ya jirani haina: mnunuzi aliyejulikana kabla ya kupanda, na gunia linalopimwa hadharani.

Wapo watakaosema kwamba ni ukatili kumshika ukosi mchuuzi maskini anayeongeza kikombe cha maji, ilhali mapapa wanaogelea. Hoja hiyo ina ukweli wake lakini haitoshi. Mchuuzi huyo hamdhuru tajiri. Tajiri hununua asali ya duka kubwa. Anamdhuru mfugaji wa Lambwe au Nyatike aliyesubiri sega lifunikwe, ambaye chupa yake itauzwa kwa bei ile ile ya maji matamu, na ambaye mwaka ujao huenda akaacha kusubiri. Anamdhuru pia mkulima wa Kuria anayepima iwapo aache tumbaku. Mkulima huyo hatasoma ripoti yoyote. Atamwuliza shemeji yake mwenye mizinga, na jibu atakalopewa litaamua ekari zake zitapandwa nini.

Linalohitajika si kubwa. Kituo cha kukusanyia asali katika kila wadi yenye wafugaji, mizani iliyokaguliwa, risiti yenye kilo na si lita, na kifaa cha mkononi kiitwacho refraktomita, kinachotoshea mfukoni na kuonyesha kiasi cha maji kilichomo katika asali. Tone moja huwekwa juu ya kioo chake, kifuniko kikashushwa, kisha mfugaji na mnunuzi hupokezana kukiinua kuelekea kwenye mwanga, kila mmoja akasoma kwa jicho lake namba ile ile.